Kitabu Juu ya Dungu



Wapendwa waumini, kila mwaka kati ya Julai na Oktoba parokia yetu hapa Miono hupokea wageni ambao kwa hakika si wageni. Ni watoto wetu wanaosoma vyuoni, Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma na kwingineko, waliorudi nyumbani kwa likizo ndefu. Dominika ya kwanza tunawaona mabenchi ya mbele, wamependeza, kila mzee akitaka kuwapa mkono baada ya Misa. Dominika ya nne wamekwisha kuhamia nyuma. Ikifika Septemba wamekuwa kama sisi sote: viganja vina malengelenge ya jembe, viatu vimebadilika rangi kwa vumbi la barabara ya Mandera, na simu haina salio. Mashamba yanafyekwa kuingojea vuli, moshi wa majani makavu unapanda kila upande, na mwanachuo anaanza kuhesabu siku zilizobaki.

Siku hizo za mwisho wa likizo ni siku za pekee. Mtu hayuko chuoni, na hapa nyumbani hayuko kwa ukamilifu, maana nguo moja moja zimekwisha kuingia begini. Hakuna mwalimu anayemdai zoezi. Akifungua kitabu wakati huo anakifungua kwa hiari yake, na kwa sababu hiyo kitabu humfikia mahali ambapo vitabu vya mitihani havifiki. Sisi tuliopita seminarini tulizionja siku hizo, na tutakuja kusema jinsi tulivyozitumia vibaya. Lakini kwanza tuwasimulie habari ya kijana mmoja.

Mwezi wa Agosti mwaka huu kijana wa kigango chetu kimojawapo alifika nyumba ya mapadre kuomba kitabu. Yeye na baba yake wametupa ruhusa ya kusimulia yaliyofuata, mradi tusiwataje majina. Amemaliza mwaka wa pili wa masomo ya uhasibu. Alituamkia, akakataa kiti, akasema ameambiwa kwamba Padre ana kabati la vitabu.

Kabati hilo wengi wenu mnalifahamu. Limeachwa na mapadre waliotutangulia, na kila mmoja aliongeza alichokuwa nacho: misale za zamani, maisha ya watakatifu, vitabu ambavyo mchwa wamesoma kuliko sisi, na riwaya chache za Kiswahili. Kijana aliyapita maisha ya watakatifu pasipo kusimama. Mkono wake ukatua juu ya kitabu kinene kuliko vyote, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*, cha Aniceti Kitereza.

Tulimweleza kwa kifupi mwandishi huyo ni nani. Kitereza alikuwa Mkatoliki wa kisiwa cha Ukerewe, aliyesoma katika seminari ya Rubya kule Bukoba, kisha akaishi maisha yake yote akiwa mlei. Aliona kwamba vijana wa kwao wanasahau jinsi wazee wao walivyolima, walivyovua, walivyotibu wagonjwa na walivyoheshimu wakwe zao. Akaketi akaandika yote hayo ndani ya hadithi moja ndefu, kwa lugha ya Kikerewe. Alimaliza mwaka 1945, na kwa miaka mingi hakupata wa kuichapa. Alipokuwa mzee aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa mwaka 1980. Mwaka 1981 akafariki dunia.

Kijana alicheka. "Miaka 35, Padre! Hata mkopo wa chuo unalipwa kabla ya hapo."

Akaondoka na kitabu kwapani.

Baada ya wiki mbili alirudi. Alikuwa amefika katikati ya kitabu. Tuliona ameweka alama kwa jani la mwembe. Tukadhani amekuja kuzungumza juu ya Myombekere. Akasema, "Padre, sitarudi chuoni."

Ndipo akatufungulia hesabu yake, kwa mpangilio wa mtu anayesomea hesabu. Mkopo aliopata haukutosha. Ili kufidia kilichopungua, baba yake aliuza ekari mbili za shamba kwa mtu kutoka mjini. Ekari hizo zilikuwa na minazi ya babu na michungwa iliyoanza kuzaa. Sasa zina nguzo za zege na waya, na hakuna anayelima. Kijana alikuwa ameandika upande mmoja thamani ya shamba na mavuno ya miaka 20, upande wa pili mshahara ambao huenda akaupata, ikiwa atapata ajira. Pande mbili hazikulingana. Mwishoni akasema neno ambalo hatukulisikia siku ile jinsi lilivyostahili kusikiwa. Alisema, "Kila ninachosoma kule kinanifundisha kuondoka hapa."

Sisi tulikuwa na haraka. Tulikuwa na kikao cha mavuno, na wazee wa kamati walikwisha kukaa barazani. Tukamjibu kwa mfano wa talanta (Mt 25:14-30). Tulimwambia kwamba mtumwa aliyechimba ardhi akafukia fedha ya bwana wake hakusifiwa, na kwamba kuacha masomo ni kufukia. Tulisema pia juu ya shukrani kwa wazazi. Yote yalikuwa maneno ya kweli, lakini yalisemwa mlangoni, tukiwa tumesimama, jicho moja likiwa barazani.

Akasikiliza, mikono nyuma. Akasema, "Nimeelewa, Padre," akaaga.

Sisi tunaohubiri tunalifahamu jibu hilo. Mtu anayesema "nimeelewa" upesi namna ile anaomba aachwe aende zake.

Dominika iliyofuata hatukumwona, wala iliyofuata hiyo. Katekista wa kigango alitueleza kwamba yuko shambani tangu asubuhi hadi jioni, juu ya dungu, analinda muhogo usiharibiwe na ngedere. Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeshtaki kidogo, "Analinda huku anasoma, Padre. Ngedere wanakula na yeye anasoma."

Kwa wale mliozaliwa mjini, dungu ni jukwaa la miti linalojengwa shambani, refu kuliko mtu, lenye paa dogo la makuti au nyasi. Mlinzi hukaa juu yake ili aone mbali, na hupiga debe au kupaza sauti wanyama wanapoingia. Ni kazi ya upweke. Wengi wetu tumekulia juu ya madungu.

Siku ile jioni, katika kuandaa mahubiri, tulisoma tena habari ya towashi Mwethiopia katika Matendo ya Mitume (Mdo 8:26-40). Tumeisoma mara nyingi. Mtu mkubwa, mtunza hazina wa malkia, yuko njiani anarudi kwao kutoka Yerusalemu. Amekaa garini mwake anasoma kitabu cha nabii Isaya, asielewe. Roho anamwambia Filipo alikaribie gari hilo. Mara hii tuliona mambo mawili ambayo hatukuwa tumeyatilia maanani. La kwanza, Filipo alimsikia akisoma. Maana yake yule towashi alikuwa akisoma kwa sauti, kama ilivyokuwa desturi ya watu wa kale. La pili, Filipo hakumfundisha akiwa chini, kando ya barabara. Alikimbia, akamwuliza kama anayaelewa anayoyasoma, na alipokaribishwa alipanda akaketi pamoja naye. Mafundisho yalifuata baada ya kuketi.

Tulitazama ile alama ya jani la mwembe katika kumbukumbu yetu, tukaona haya.

Kesho yake tulipanda pikipiki tukaenda. Shamba liko ng'ambo ya korongo, na ile sehemu iliyouzwa inaonekana wazi kutoka juu ya dungu, nguzo nyeupe katikati ya majani marefu. Kijana alituona kwa mbali akataka kushuka. Tukamwomba abaki hukohuko, tukapanda ngazi ya miti, si kwa wepesi, maana umri wa miaka arobaini na kitu una mambo yake. Tukaketi. Kwa muda mrefu hatukusema neno. Ngedere mmoja alikuja hadi ukingo wa shamba, akatutazama wote wawili, akaamua kurudi.

Hatimaye tulimwuliza kitabu kinasemaje.

Akaanza kusimulia, wala hakunyamaza upesi. Alieleza jinsi Bugonoka anavyosimangwa na ndugu za mume kwa kutozaa, hata wazazi wake wanakuja kumchukua. Myombekere, badala ya kuoa mwingine kama wanavyomshauri, anamfuata mkewe kwa wakwe, anakubali kutozwa pombe ya ndizi ili arudishiwe. Alieleza jinsi mwandishi anavyosimama katikati ya hadithi kufundisha namna ya kutengeneza pombe hiyo, hatua kwa hatua, wala haoni aibu kukupotezea muda. Kisha akasema, "Padre, huyu mzee alisoma seminari, alijua Kilatini. Halafu akakaa miaka yote anaandika jinsi watu wa kwao wanavyolima. Mimi sijawahi kusoma kitabu kinachosema kwamba maisha ya bibi yangu yanastahili kuandikwa."

Tulielewa hapo kwamba kijana huyu hakuwa mvivu wala mwoga. Alikuwa amekuta katika kitabu jambo ambalo chuo hakikumwambia, na hakujua aliweke wapi. Ekari mbili zilikuwa zimegeuka waya. Ikiwa elimu haina kazi nyingine ila kumwondoa mtu kwao, basi baba yake alikuwa amelipa shamba ili apoteze na mtoto.

Tulimsimulia habari ya Mt. Augustino, si kwa kuhubiri, bali kwa sababu inafanana na yake. Augustino alizaliwa Thagaste, mji mdogo wa Afrika ya Kaskazini. Akiwa na umri wa miaka 16 alilazimika kuacha masomo yake Madaura na kurudi nyumbani, kwa kuwa fedha zilikwisha. Alikaa mwaka mzima bila shughuli, huku baba yake Patricius, mtu mwenye mali kidogo, akikusanya fedha za kumpeleka Karthago. Watu walimsifu Patricius kwa kugharimia kupita uwezo wake. Ni katika mwaka huo wa kukaa bure ndipo Augustino na rafiki zake walipoiba mapeasi ya jirani usiku, si kwa njaa, bali kwa kupenda tu kutenda ubaya; jambo hilo lilimwuma kwa miaka mingi. Baadaye, akiwa Karthago na umri wa miaka kama 19, alisoma kitabu cha Cicero kilichoitwa *Hortensius*, nacho kikauelekeza moyo wake upya, kutoka kutamani sifa hadi kutamani hekima. Safari yake hadi ubatizo ilichukua miaka mingine mingi.

Kijana alisikiliza, kisha akauliza swali moja: "Alimlipa baba yake?"

Tukasema kweli. Hapana. Patricius alifariki Augustino akiwa na miaka kama 17.

Akanyamaza, akatazama nguzo za zege. Nasi tukanyamaza. Katika mafunzo yetu yote hatukuwahi kukiona kisa kile kwa upande huo.

Jua lilipoinama tulishuka, tukaenda pamoja hadi nyumbani kwao. Baba yake alitukaribisha kwa heshima zote, akatutolea kiti cha pekee chenye mgongo, yeye akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Ni mtu wa maneno machache, macho yake yamechoka, hasomi tena maandishi madogo. Mama wa nyumba alileta muhogo na chai. Kisha mzee akamwambia mwanawe, kama jambo la kila siku, "Haya, soma. Tuliachia pale kwa wakwe."

Kumbe kila jioni kijana alikuwa akiwasomea kwa mwanga wa taa ya sola! Baba, mama, bibi mzaa baba na mdogo wake wa darasa la sita. Siku ile walifika mahali pa ile faini ya pombe. Mzee alicheka hadi akakohoa, akasema, "Wakwe ni wakwe tu, hata Ukerewe!" Bibi akapinga namna ya kutengeneza pombe ile, akaeleza jinsi wao Wakwere walivyotengeneza ya kwao, na kijana akasimamisha kusoma, akachukua kaunta buku, akaandika. Tulichungulia. Ni daftari lilelile la hesabu ya shamba. Kurasa mbili za mwanzo zina tarakimu. Zinazofuata zina majina ya miti, ya dawa, ya aina za udongo, ya visima vilivyokauka, kila neno la Kikwere na maelezo yake kwa Kiswahili.

Hatukutaka kuingilia, lakini mzee mwenyewe aligusa jambo lile. Alitutazama sisi, akasema akimkusudia mwanawe: "Baba Paroko, huyu anafikiri mimi namdai." Kisha akamgeukia. "Mwanangu, shamba lile niliuza mimi. Sikukuuliza, wala sikukukopesha. Usijitwishe deni ambalo mwenye mali hadai."

Hakuna aliyejibu. Baada ya kitambo mzee akasema, "Endelea kusoma."

Wapendwa, tulirudi Miono usiku, na njiani tulimkumbuka marehemu mama yetu. Sasa inatupasa kusema lile tulilowaahidi mwanzoni.

Nyumbani kwetu ni Uluguruni. Tulipokuwa frateri katika Seminari Kuu ya Mt. Karoli Lwanga, Segerea, tulikuwa tukirudi likizo na mzigo wa vitabu. Mwaka mmoja, katika wiki za mwisho kabla ya kurudi, tulishinda chini ya mfenesi tukisoma kitabu cha teolojia cha Kiingereza, tukijiona wasomi. Mama alikuwa akipita na ndoo ya maji kichwani kutoka bondeni, akipanda mlima ule, mara tatu au nne kwa siku, wala hakutuita. Jioni moja aliketi karibu akasema, "Hebu nisomee na mimi." Tukamjibu, "Mama, hiki ni kigumu, hutakielewa."

Akasema, "Haya," akaenda jikoni.

Kitabu kile kilihusu huruma ya Mungu. Tungeweza kumweleza kwa Kiluguru kwa dakika tano, naye angeweza kutufundisha juu ya jambo hilo kwa muda mrefu zaidi. Mwaka uliofuata, kabla ya likizo nyingine, alifariki. Tumeadhimisha Misa nyingi kwa ajili ya roho yake, na tunaamini anapumzika kwa amani. Lakini neno lile hatujapata mahali pa kulirudisha. Ndiyo maana tulipomwona mhasibu yule mchanga akimsomea baba yake aliyekaa juu ya kinu, tulijua kwamba katika jambo hili yeye ametutangulia.

Kutokana na hayo yote, tunapenda kusema machache kwenu kabla vyuo havijafunguliwa.

Kwanza kwenu wanachuo. Someni katika siku hizi mlizobakiwa nazo, na msisome vya mtihani tu. Hayati Papa Fransisko, katika barua yake ya tarehe 17 Julai 2024 juu ya nafasi ya fasihi katika malezi, alizitaja hasa siku za likizo, zenye joto na upweke, akasema kwamba kitabu kizuri wakati huo hutuepusha na mambo mengine yasiyotufaa. Alikusudia kwanza mapadre na waseminari, kisha akaona yanawahusu Wakristo wote. Yeye mwenyewe alipokuwa Mjesuiti kijana alifundisha fasihi shuleni huko Santa Fe, Ajentina, miaka ya 1964 na 1965. Wanafunzi wake walipochoka na vitabu vya kale aliwaacha waanze na vile walivyovipenda, akijua kwamba kiu ikishaamka wataviendea na vingine. Msidhani basi kwamba riwaya ni adui wa sala. Mt. Yeronimo, ambaye Kanisa linamkumbuka tarehe 30 Septemba, aliota ndoto akishtakiwa kwamba yeye ni mfuasi wa Cicero na si wa Kristo, akaamka akitetemeka. Lakini ile sanaa ya lugha aliyojifunza kwa Cicero ndiyo aliyoitumia kuwapa Wakristo Biblia ya Kilatini.

Na mkisoma, someni kwa sauti pale nyumbani. Msiseme kwamba ni kigumu. Kama hamwezi kukieleza kwa lugha ya mama, huenda ninyi wenyewe hamjakielewa.

Pili, msione kwamba kuandika mambo ya kwenu ni kazi duni. Ukanda wetu huu umeujua ukweli huo tangu zamani. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na ile ya Mandera, jirani zetu, mwaka 1881. Mmoja wao, Padre Charles Sacleux, aliishi Zanzibar na Bagamoyo kwa karibu miaka 20 kuanzia 1879, akikusanya maneno na mimea kutoka kwa watu wa pwani. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilitoka Paris kati ya mwaka 1939 na 1941, zaidi ya miaka 40 baada ya yeye kuondoka. Aliyemfundisha maneno yale ni nani, kama si wavuvi, wakulima na kina mama ambao majina yao hatuyajui? Mgeni alivuka bahari kuja kuwauliza bibi zetu. Ninyi mnaohitaji kuvuka ua tu, mnangoja nini?

Tatu, kwenu wazazi. Tunajua mnachouza ili watoto wasome. Tunajua kwamba si kila mmoja wenu anaweza kusema kama mzee yule alivyosema, na hatuwalaumu. Kuna deni ambalo mzazi hudai kwa sababu hana kitu kingine cha kutegemea uzeeni. Lakini msiwaache watoto wakadirie wenyewe mnachowadai. Semeni nao kabla hawajapanda basi. Kijana asiyejua kama anadaiwa hubeba kila kitu, na mzigo huo ndio humfanya aache masomo, au amalize na asirudi tena kuwaona. Na kabla hamjauza ardhi, njoni tushauriane katika jumuiya. Minazi ya babu haioti tena kwa mwaka mmoja.

Nne, kwetu sisi wachungaji na viongozi wa jumuiya ndogondogo. Kijana akija na swali, tukae. Kikao cha mavuno kinaweza kungoja robo saa. Mtume Paulo akiwa kifungoni, baridi ikikaribia, alimwomba Timotheo amletee joho alilokuwa ameliacha Troa, pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi (2Tim 4:13). Mzee aliyekuwa akikingoja kifo bado alihitaji nguo ya kumsitiri baridi na kitu cha kusoma. Je, vijana wetu watahitaji pungufu ya hapo? Kwa hiyo kuanzia juma hili kabati la vitabu litakuwa wazi kila Jumamosi alasiri, na anayetaka kuazima aandike jina lake katika daftari lililopo mezani. Mwenye kitabu ambacho hakisomi nyumbani, akilete.

Mtatuuliza kijana yule ameamua nini. Dominika iliyopita alikuja Misa pamoja na baba yake, wakakaa benchi la nyuma. Nje ya kanisa alitwambia kwamba atarudi chuoni, Mungu akipenda, ingawa ile hesabu yake bado haijalingana. Hajui kama mkopo wa mwaka huu utatosha. Hajui kama atapata kazi, wala kama kazi hiyo itamruhusu kuishi karibu na korongo lile. Sisi pia hatujui, na hatukujaribu tena kumpa mfano wa talanta. Tulimwuliza tu kuhusu kitabu cha Kitereza, maana kilikuwa hakijarudi kabatini.

Akainama kidogo, kama mtu aliyekutwa na kosa. "Nimemwachia mdogo wangu, Padre. Wamefika Ntulanalwo anazaliwa. Mzee amesema kisiondoke nyumbani mpaka kiishe."

Tukamwambia kikae.

Tuwaombee wanachuo wetu wote wanaosafiri juma hili na lijalo, wafike salama, wasome vizuri, na wasisahau njia ya kurudi. Tuwaombee na wazazi wanaobaki na nyumba zilizopungua sauti. Kwa maombezi ya Mt. Monika, aliyemlilia mwanawe hata akampata, na ya Mt. Augustino, Mungu Mwenyezi awabariki: Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.

Tunawatakia Dominika njema.

Paroko wenu, Miono